Usiitoe

Kiswahili kimeziweka chini ya paa moja kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Mwalimu wa fasihi anayekaa na diwani, akahesabu mizani na kujiuliza kwa nini mshairi ameteua neno hili akaliacha lile, anafanya uhakiki. Ofisa wa polisi anayeigeuza bastola mkononi, akalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyoandikwa kwenye leseni, naye anafanya uhakiki. Mwaka 2016 uhakiki huo wa pili ulipita nchi nzima, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakiki silaha zake nyumbani kwake Chato, mkoani Geita. Wenye bunduki wa Kahama nao walizipeleka zao polisi. Mimi ninayefundisha fasihi nilibaki na neno lenyewe, na halijaniacha mpaka leo.

Nataka kuupeleka uhakiki wa kwanza mahali pa uhakiki wa pili. Matini yangu ni fupi kuliko mashairi mengi: ni maneno yanayopita dirishani kati ya trafiki aliyesimamisha gari na dereva mwenye silaha anayoimiliki kihalali. Kwa kawaida hayafiki dakika moja, wala hayaandikwi popote mpaka siku yatakapoharibika. Lakini yana fani, na fani hiyo imebeba uhai wa watu wawili: nani anaanza kusema, neno gani linatangulia, kiambishi gani kinashika kitu gani.

Kahama jambo hili si la nadra. Mji umekaa kwenye barabara itokayo Isaka, kwenye reli, kwenda Lusahunga, ambako malori huendelea kuelekea Rwanda na Burundi. Kuna mgodi wa Bulyanhulu na mji wa Kakola upande wa kaskazini, kulikuwa na mgodi wa Buzwagi mpaka ulipofungwa mwaka 2021, na katikati ya migodi hiyo mikubwa yapo mashimo ya wachimbaji wadogo, Mwime, Nyangalata na mengine yasiyo na jina kwenye ramani. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hulipwa taslimu. Soko la madini lilipofunguliwa mjini mwaka 2019 biashara ilipata paa na mzani, lakini bado mtu anatoka na noti kwenda mashimoni na kurudi na kitu kidogo kizito. Baadhi yao wameomba silaha, wakaanzia serikali ya mtaa, wakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, wakafika polisi, wakapewa. Bastola inakaa kiunoni, chini ya shati lililoachwa nje.

Mtu wa namna hiyo alinipa lifti kutoka Kakola asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita. Ni mnunuzi wa dhahabu, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusafisha kioo cha mbele kwa leso hata kikiwa safi. Karibu na mjini trafiki akanyoosha mkono. Gari likasimama pembeni, kioo kikashuka.

"Habari ya safari, dereva?"

"Nzuri, afande. Mwangaluka."

Trafiki, ambaye kwa lafudhi yake nilimdhania ni mtu wa pwani, akacheka kidogo na kuirudisha salamu ya Kisukuma kadiri alivyoweza. Kisha: "Naomba leseni."

Mwenyeji wangu hakuingiza mkono mfukoni. Aliiweka mikono yote miwili juu ya usukani, akasema, "Afande, kabla ya hapo, nina neno."

Kimya. Pikipiki ilipita.

"Sema, mzee."

"Nina leseni ya silaha. Na silaha yenyewe ninayo hapa kiunoni, upande wa kulia."

Nitayaacha yaliyofuata kwanza, kwa sababu hizo sentensi chache zinatosha somo zima la fani.

Tuanze na "nina neno." Kwa maudhui, sentensi hiyo ni tupu. Haitoi habari, haiombi kitu. Kazi yake yote ni ya kimuundo: inapiga hodi. Msikilizaji wa Kiswahili anaijua toka utotoni. Mtegaji akisema "kitendawili," hategi mpaka aambiwe "tega." Mgeni akisema "hodi," hasukumi mlango mpaka aitikiwe "karibu," na akikosa mwitikio atarudia, na mara ya tatu ataondoka. Fani hizi zote zimejengwa juu ya nafasi iliyo wazi katikati, nafasi ambayo ni mali ya mwingine. Mwenyeji wangu alipiga hodi, akangoja. Pikipiki ilipopita alikuwa bado anangoja. Trafiki aliposema "sema," alikuwa amefungua mlango kwa hiari yake, na habari ya bastola ilipoingia haikuvamia. Ilikaribishwa.

Sasa tazama mpangilio wa maneno. Kiswahili kingemruhusu aseme "nina silaha ya leseni." Ni sahihi kisarufi, inaeleweka, na wengi husema hivyo. Maneno ni yaleyale manne, mawili yamebadilishana viti tu. Lakini sikio halisomi sentensi nzima kwa mkupuo kama jicho linavyofanya na bango. Linapokea neno baada ya neno, na mwili unajibu kila neno linapofika. Katika "nina silaha ya leseni," trafiki anaishi sehemu ya sekunde ambamo yapo mambo mawili tu duniani, mtu huyu na silaha. Leseni inakuja nyuma kama daktari aliyechelewa. Katika "nina leseni ya silaha," nomino kuu ni karatasi. Silaha inapotajwa imeshavikwa kihusishi cha umilikishi. Ni silaha iliyo chini ya leseni, kisarufi na kisheria. Mshairi anayehamisha neno kutoka ukwapi kwenda utao anajua kwamba uzito wa mshororo umehama, ingawa maneno ni yaleyale. Sijui kama mnunuzi wa dhahabu aliwahi kulifikiria hili. Alilitenda.

Na alisema "silaha." Uteuzi huo nao unastahili kutazamwa, kwa sababu alikuwa na maneno mengine. Silaha ni neno pana. Panga ni silaha, mkuki ni silaha, na katika nchi hii ya Kahama, ambako sungusungu walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe, upinde na mishale vilikuwa silaha za mtaa mzima. Ndiyo maana sheria hulazimika kuongeza "za moto." Upana huo unalipooza neno. "Bastola" ni nyembamba na ina picha. Ukiitaja, msikilizaji anaiona. Lipo pia jina la mtaani, "mguu wa kuku," jina lenye tashbihi nzuri iliyofichwa ndani yake, ila kila aliyelisikia amelisikia kwenye habari za ujambazi. Mwenyeji wangu aliteua neno la ofisini, neno lililomo kwenye fomu aliyojaza. Alizungumza na serikali kwa msamiati wa serikali.

Matini ya pili ninayoisoma haikutokea kwetu, na imenikaa moyoni kwa miaka. Tarehe 6 Julai 2016, katika mji mdogo wa Falcon Heights jimboni Minnesota, Marekani, ofisa wa polisi Jeronimo Yanez alilisimamisha gari la Philando Castile, mtu mweusi wa miaka 32 aliyekuwa msimamizi wa chakula katika shule ya watoto. Ndani alikuwemo mwenzake, na kiti cha nyuma binti wa miaka minne. Castile alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Kamera ya gari la polisi ilirekodi kila kitu, na mkanda huo ulitolewa hadharani mwaka uliofuata, baada ya baraza la wazee wa mahakama kumwachia huru Yanez tarehe 16 Juni 2017.

Mazungumzo yanaanza kwa adabu. Wanasalimiana. Ofisa anaeleza kwamba taa za breki haziwaki, anaomba leseni na bima. Castile anampa karatasi ya bima. Kisha, kwa sauti ya utulivu, anamwita ofisa kwa neno la heshima na kumwambia kwamba hana budi kumfahamisha kuwa ana silaha ya moto. Sheria ya Minnesota haikumlazimu kusema hivyo kabla ya kuulizwa. Alisema mwenyewe.

Isome kwa fani. Hodi ipo: heshima ipo, utangulizi upo. Ila hodi na habari vimepita kwa pumzi moja. Kiingereza cha adabu kimeundwa hivyo; utangulizi ni shela la sentensi, si mlango wa kungojea. Silaha inafika mwisho wa sentensi, mahali penye uzito mkubwa kuliko pote, na kibali, ambacho kingeweza kufuata katika sentensi inayokuja, hakikupata sentensi ya kukaa. Ofisa anamkatiza: asiifuate. Castile anajaribu kueleza. Ofisa: asiitoe. Castile: haitoi. Mwenzake naye: haitoi. Ofisa anarudia amri kwa kelele na hapohapo anafyatua risasi saba. Maneno ya mwisho ya Castile ni ya kukana kwamba alikuwa anaifuata.

Ni takriri, takriri ya kutisha kuliko yoyote ninayoijua: watu watatu wanakirusha kitenzi kimoja huku na huku, na ndani ya kila kitenzi kuna kiwakilishi kimoja kidogo kisichotaja kitu. Nini? Ofisa ameshaomba leseni. Mkono wa dereva una amri halali ya kwenda kuchukua kitu. Kisha inakuja amri ya pili inayokataza mkono kuchukua kitu, na vitu vyote viwili vinaweza kuitwa kwa kiwakilishi kilekile. Ndivyo ninavyoisoma: kichwani mwa ofisa kiwakilishi kina maana ya bastola peke yake, mikononi mwa dereva kinaweza kuwa chochote kati ya viwili.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilijisikia faraja ya mtu wa lugha nyingine. Nilijiambia, sisi tuna ngeli. Kiswahili hakiachi kitu kiitwe tu. Kila nomino ina kiambishi chake, na mtendwa huonekana ndani ya kitenzi. Kitambulisho: usikitoe. Gobole: usilitoe. Mkoba: usiutoe. Nikachukua kalamu kujaribu kwa vitu vilivyomo kwenye matini yangu. Silaha: usiitoe. Bastola: usiitoe. Bunduki: usiitoe. Leseni: usiitoe. Bima, kadi ya gari, pochi, simu: usiitoe, usiitoe, usiitoe, usiitoe.

Zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Vitu vyote ambavyo mkono wa dereva unaweza kuvifuata mbele ya trafiki, karibu vyote maneno ya kigeni tuliyoyapokea na kuyapanga safu moja, vinaitikia kiambishi kimoja. Lugha yenye uwezo wa kutenganisha kitabu na mti na jiwe ndani ya silabi moja haiwezi kutenganisha leseni na bastola. Neno la mtaani ndilo pekee lingetuokoa, mguu wa kuku, usiutoe. Hakuna afande atakayelitumia, wala dereva mwenye akili.

Kwa hiyo ofisa anayemwambia dereva wa Kahama "usiitoe" amesema jambo lenye utata uleule wa Falcon Heights, kwa sarufi safi kabisa. Dawa yake haihitaji teknolojia wala bajeti. Ni kuirudisha nomino. "Usiguse bastola." "Mikono ibaki kwenye usukani." Kama ningeitwa chuo cha polisi kufundisha saa moja tu, ningefundisha hilo, na ningewafanya warudie mpaka kiambishi kiwe aibu midomoni mwao.

Naijua tofauti iliyopo, na sitaipitia haraka. Yanez alikuwa na bastola. Trafiki wetu kwa kawaida hana. Amevaa nyeupe ionekane kutoka mbali, ana mashine ya kutolea faini, na chombo cha kupimia mwendo ambacho sisi tunakiita tochi. Kando ya barabara ya Kakola, kati ya watu watatu tuliokuwepo, mwenye uwezo wa kuua alikuwa dereva. Hofu ilipaswa kuwa ya trafiki, na hofu hiyo ina historia katika ukanda huu. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, barabara hiihii ukitokea Kahama kwenda Lusahunga, kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa na bunduki zikaibwa. Kabla ya hapo kuna miaka ambayo mabasi ya kupita mapori ya Biharamulo na Kibondo yalisindikizwa na askari wenye silaha. Mtu aliyefanya kazi hapa anayabeba hayo anapoinamia dirisha. Mwenyeji wangu alipotaja upande wa kulia alikuwa anampa trafiki kitu ambacho sheria haimpi: alikuwa anampa mahali pa kutazama.

Tofauti ya pili ni ya rangi. Castile alisimamishwa barabarani zaidi ya mara 40 katika maisha yake ya udereva. Na jioni ile, kabla ya kumsimamisha, Yanez alisema kwenye redio kwamba waliomo garini wanafanana na watuhumiwa wa ujambazi, na alitaja pua ya dereva. Castile hakuyasikia hayo. Alikuwa mhusika katika kisa cha taa za breki, wakati ofisa yumo katika kisa kingine, cha majambazi, na katika kisa hicho sentensi kuhusu silaha ilikuwa na maana moja tu tangu mwanzo. Hakuna hodi inayofungua mlango wa nyumba ambayo mwenyewe ameshaamua wewe ni mwizi. Kwa hiyo ninapoisifu sentensi ya mnunuzi wa dhahabu simlaumu Castile kwa yake. Yeye alitimiza wajibu wa mzungumzaji na zaidi. Aliyekatiza ndiye aliyeivunja fani.

Sisi nasi tunao mwandiko wa kukatiza, nao huja baadaye, kwenye taarifa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wao wa teksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam. Umma uliambiwa ni majambazi waliokufa katika mapambano ya risasi. Tume ya Jaji Mussa Kipenka ilikuta kwamba walikuwa wafanyabiashara, na kwamba waliuawa wakiwa tayari mikononi mwa polisi. Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa mwaka 2009. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao, ofisa Christopher Bageni, kwa kuua kwa kukusudia, wengine akiwemo Abdallah Zombe wakabaki huru.

Sikiliza maneno ambayo taarifa za namna hiyo huandikwa kwayo, miaka yote, mikoa yote. Walirushiana risasi. Majibizano ya risasi. Mapambano. Katika kila moja kimejificha kiambishi cha kutendana, -an-. Silabi hiyo moja inagawa tendo kwa pande mbili. Ikiwekwa kwenye kitenzi, maiti inapewa bunduki; inaambiwa nayo ilirusha, nayo ilijibu. Waliouawa mwaka 2006 walikuwa watu wa madini, wa aina ileile ya watu wanaotoka Kakola na Nyangalata asubuhi na fedha mfukoni. Silaha pekee iliyowekwa mikononi mwao walipewa na sarufi. Tangu nilipolitambua hilo siwezi kusoma "walirushiana" gazetini bila kurudi nyuma kuhesabu: nani alirusha, na maganda ya upande wa pili yaliokotwa wapi?

Liko jambo moja zaidi kuhusu lugha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa miaka yote ya katikati, mfasiri halisi wa sheria hiyo alikuwa mtu aliyesimama juani kando ya lami, akiifasiri papo kwa papo kwa mtu asiyemjua. Tunawapima wafasiri hao kwa faini walizokusanya. Hatujawahi kuwapima kwa sentensi.

Narudi kwenye gari. Mwenyeji wangu ameshasema silaha iko kiunoni, upande wa kulia. Mikono iko kwenye usukani. Trafiki amenyooka kidogo, hakurudi nyuma. Akapumua. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sawa mzee. Iache hukohuko."

Mkono wa mwenyeji wangu ulikuwa tayari umeanza kuinuka kuelekea mfuko wa shati, ilipo leseni ya udereva. Niliuona ukisimama hewani. Akaurudisha kwenye usukani, taratibu, akageuza uso.

"Ipi, afande?"

Trafiki alimtazama. Nadhani ndipo alipoisikia sentensi yake mwenyewe.

"Bastola," akasema. "Bastola iache. Leseni nipe."